Bi Tatu wa Feri alivyobeba tuzo ya uigizaji, na mimi mwandishi nikatoka mikono mitupu

Wakuu, salaam kwa wote mliomo humu ndani.

Hili jambo limenikuta mwenyewe, sikusimuliwa. Nitaliandika lilivyokuwa, hata pale linaponiaibisha. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi nina kiduka Kariakoo, nauza zipu, vifungo na nyuzi za mafundi. Wateja wakipungua naandika script. Na jamaa yangu Shedrack, mtu wa Masasi mwenye kamera, tulitengeneza series ya komedi inaitwa Mita Moja. Ni nyumba ya wapangaji sita wanaotumia mita moja ya umeme.

Aliyewahi kupanga uswahilini hahitaji maelezo zaidi.

App moja ya hapa hapa Bongo ikaipenda, wakakubali kuirusha. Ila tulikuwa hatujampata Bi Chausiku, yule mpangaji mkongwe anayelinda mita kuliko mwenye nyumba. Waigizaji wote tuliowajaribu walikuwa wanapiga kelele tu.

Siku moja nikaenda soko la Feri kula samaki. Kuna mama pale anakaanga, Bi Tatu, miaka sitini na ushee. Mteja mbele yangu akamuuliza, "Mama, huyu samaki ni wa leo kweli?"

Bi Tatu hakuinua hata kichwa. "Muulize, mdomo anao."

Watu tuliangua kicheko. Yeye wala, anageuza samaki wake. Hapo hapo nikajua nimempata.

Nilimbembeleza kama wiki mbili. Akakubali kwa sharti moja, tushuti alasiri akishamaliza kukaanga.

Sasa niwaambie, kufanya kazi na yule mama ni mtihani. Script anaisoma vizuri, anakwambia "nimeelewa, mwanangu," halafu kamera ikiwaka anasema mambo yake. Kuna mahali nilimwandikia, "Nani anapiga pasi saa hizi?" Yeye akakohoa kidogo, akasimama mlangoni kwa jirani, akasema, "Nguo moja nusu saa nzima. Unapiga pasi shati au hema?"

Nikasema kata, turudie kama ilivyoandikwa. Shedrack akanijibu, "Mkuu, sirudii kitu mimi." Alikuwa anafuta machozi ya kicheko.

Niliumia kidogo, nakiri.

Series ikatoka, watu wakaipenda. Halafu ikaja habari kwamba tumeteuliwa kuwania tuzo, vipengele vitatu. Komedi bora, script bora, ambayo ni mimi, na mwigizaji bora msaidizi wa kike, ambaye ni Bi Tatu.

Nilifunga duka saa tano asubuhi nikaenda mbio Feri kumpa habari. Akanisikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye khanga, akasema, "Hongereni. Mimi siendi."

"Kwa nini, mama?"

"Kaka hajui kama naigiza."

Kaka yake ni Mzee Mshamu, fundi cherehani mstaafu, anaishi Mchafukoge ghorofa ya pili. Baba yao alifariki Bi Tatu akiwa mdogo, huyu kaka ndiye aliyemlea na kumwozesha. Mtu wa msikitini, mpole, ila akisema hapana ndiyo imekwisha. Simu yake ni ya kitochi, kwa hiyo ile app hakuwahi kuiona.

"Nitamwambia nini?" Bi Tatu akaniuliza. "Kwamba mimi, bibi wa wajukuu watano, nachekwa na mji mzima? Na picha za washindani zikitangazwa, akasikia kwa watu kabla sijamwambia, atanitazama vipi?"

Wakuu, nilimwona machozi yanamlengalenga.

Nikamwambia twende wote leo leo. Akakataa, akakataa, mwisho akasema, "Basi utaongea wewe."

Tukapanda ngazi Mchafukoge baada ya swala ya alasiri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, kijana. Karibu." Akamtazama dada yake. "Tatu, kuna msiba?"

"Hamna, kaka."

Nikaeleza yote. Mzee hakunikatiza hata mara moja. Nilipomaliza akamgeukia dada yake, siyo mimi.

"Miezi mingapi unanificha?"

"Saba, kaka. Nisamehe."

"Na watu wanakucheka?"

Nikatoa simu, nikaweka ile episode ya pasi, nikampa.

Mzee akaishika simu mbali na uso. Bi Chausiku akatokea, akakohoa kile kikohozi chake kidogo kabla ya kugonga mlango wa jirani.

Mzee akashtuka. "Tatu."

"Naam, kaka."

"Hicho kikohozi ni cha mama."

Bi Tatu akainamisha kichwa. "Ni yeye, kaka. Hata mwendo. Mimi sijui kuigiza mtu mwingine."

Mzee akaangalia mpaka kwenye shati na hema. Hapo akacheka, wakuu, akacheka mpaka kofia ikamwanguka, halafu nikaona anajifuta macho kwa mkono wa kanzu na haachi kucheka. Akanirudishia simu. "Anzisha tena."

Aliangalia mara nne. Tulipoaga akasema, "Siku hiyo nitampeleka mwenyewe."

Siku ya tuzo ilikuwa Jumapili mchana, ukumbi uko mjini, tukatembea kwa miguu kupitia Mnazi Mmoja. Bi Tatu gauni jipya, Mzee Mshamu kanzu na koti. Watu wanaita, "Bi Chausiku! Shikamoo Bi Chausiku!" na Mzee ndiye anayeitikia marahaba, kwa sauti.

Ukumbini kikaanza kipengele cha script. Mimi shukrani zangu nilikuwa nimeshaziandika kwenye karatasi. Likaitwa jina la mtu mwingine. Nikapiga makofi kama mstaarabu.

Kikaja cha Bi Tatu. Akashinda.

Nisiwafiche, wakuu. Sekunde ya kwanza sikufurahi. Niliwaza, mimi ndiye niliyemtoa kwenye karai la mafuta, na maneno ni yangu. Nilikuwa nimekaa, wenzangu wote wamesimama. Shedrack ndiye aliyenivuta mkono.

Bi Tatu akapanda jukwaani, akakipima kile kipaza sauti kwa macho kama anataka kukinunua.

"Namshukuru Mungu. Namshukuru kaka yangu, yule pale mwenye kanzu. Na namshukuru mwandishi kwa maneno mazuri aliyoniandikia." Akanitafuta kwa macho. "Na alivyonivumilia nilipoyaacha."

Ukumbi ulilipuka. Nami nikacheka, kicheko cha kweli kabisa, na kile kijiwivu sijui kilipotelea wapi.

Komedi bora hatukupata. Shedrack alinuna mpaka tulipofika kwenye chakula.

Jumatatu yake nikapita Feri. Foleni ya watu wanataka picha naye. Amewawekea sheria: ununue samaki kwanza.

Na huku dukani nimepata mgeni wa kudumu. Mzee Mshamu anakuja alasiri, anakaa kwenye kiti cha wateja, ananisimulia vituko vya marehemu mama yao, mimi naandika msimu wa pili. Nikimsomea Bi Tatu, anatikisa kichwa. "Kaka kasahau. Haikuwa hivyo." Basi anasimulia upya, na inakuwa tamu kuliko ya kaka.

Siku hizi sisemi kata tena.

Nilichojifunza ni kwamba tunawaogopa sana wakubwa wetu kwa majibu ambayo hatujawahi kuwauliza. Na mwenzako aking'aa kwa kazi mliyofanya wote, simama mapema, usingoje kuvutwa mkono.

Uwanja ni wenu. Aliyewahi kumficha mzazi au kaka kipaji chake, ilikuwaje siku alipojua? Na waandishi wenzangu mliomo, mwigizaji akiacha maneno yako mnafanyaje?