Printa, Kitambaa na Barua ya Posa

Niliifuta barua ya posa ya mtoto wa jirani yangu kwa mkono wangu mwenyewe, na wakati naifuta niliamini kabisa kwamba naisaidia. Nalisema hili mapema ili msomaji asije akanihurumia bure.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Safari yangu ndefu ni kutoka kitandani hadi kwenye meza ya kompyuta, na kwa sababu hiyo mtaa mzima unaniita fundi. Mama jirani, tunayepakana naye ukuta kwa ukuta, aliniaminia kazi nzito: barua ya kumposea kijana wake binti wa Shelui. Niliiandika kwenye kompyuta jana yake, nikaipamba maua pembeni. Asubuhi ilibaki kuichapa tu. Washenga walikuwa waondoke saa nne, na kule Shelui wazee wa binti walishaambiwa wakae tayari.

Saa mbili nikawasha printa. Ikaniandikia: karatasi imekwama. Nikachungulia mbele, nikachungulia chini. Hakuna karatasi. Nikazima, nikawasha. Imekwama.

Mtu mwenye akili angechungulia tena. Mimi niliishuku Windows. Ilikuwa ya zamani, nikaona uzee umeifikia, inaweweseka. Nilikuwa na flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, nikaichomeka. Ikaniuliza kwa adabu kama kweli nataka kufuta kila kitu. Nikajibu ndiyo, haraka kuliko bwana harusi.

Saa tatu na nusu Linux ikaamka, ikaitambua printa bila hata kuniomba programu ya draiva. Nikapiga meza kwa furaha, nikaagiza ukurasa wa majaribio. Karatasi imekwama.

"Na wewe wamekufundisha uongo ule ule?" nikaiuliza.

Mama jirani akaingia na kitenge kipya, nyuma yake mshenga mkuu ameshika bahasha tupu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Iko wapi?"

"Tatizo ni la mfumo, mama. Kompyuta na printa hazielewani."

"Zimegombana lini? Jana si ulisema dakika mbili?"

Akaisogelea printa. Juu yake nilikuwa nimetandika kitambaa cheupe cha kufuma, alichonifumia yeye mwenyewe. Kwangu hata redio na jagi la maji vina vyao. Asubuhi nilikuwa nimekisukuma nyuma kidogo tu, nipate pa kuwekea karatasi. Akakivuta. Hakikuja. Akakivuta kama anayeng'oa kisiki, kikachomoka kutoka kwenye tundu la karatasi la nyuma, ncha imetafunwa na kulowa wino.

Printa ikakohoa, ikatema ukurasa wa majaribio, mistari ya rangi zote.

Mshenga akauokota. "Ndiyo barua yenyewe hii?"

Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba "kila kitu" nilichokubali kukifuta kilikuwa pamoja na barua. Nikawaeleza huku nikitazama sakafu. Mshenga akatazama saa yake: imebaki robo saa. Mama jirani hakutazama chochote. Alichomoa karatasi moja safi kwenye printa, akanisukumia pamoja na kalamu.

"Kaa hapo uandike kwa mkono, tena mwandiko wa kusomeka. Na kitambaa changu nakichukua, nikafunikie mtungi, mtungi hautafuni."