Baba Kwenye Mstari wa Watoto

Jana duka la dawa la mtaani lilinuka mafuta ya kuchua, yale makali ya Kichina, na pua yangu ikanirudisha kwenye uwanja wa mpira kule machimboni.

Mwalimu wetu wa kung fu alikuwa mchimbaji aliyefundishwa na Mchina mmoja, fundi wa mashine. Alitupaka mafuta hayo magotini, kisha tukakunja miguu kama watu waliopanda farasi na kuvuta pumzi polepole mpaka tumboni. Baba, ambaye vumbi la mawe lilikuwa limemharibu kifua, aliomba kujiunga nasi. Baada ya wiki chache akaanza kulala chali badala ya kuegemea ukuta. Mama alifurahi, akamchinjia mwalimu kuku.

Asubuhi moja Baba aliyumba, akaanguka matako chini. Watoto wakacheka.

“Huyo mzee ni wa nani?” akauliza msichana mgeni aliyesimama kando yangu.

“Simjui,” nikasema kwa sauti. “Mlevi tu wa huku.”

Nikacheka kuliko wote.

Baba alinitazama. Akajipangusa vumbi, akamshukuru mwalimu kwa Kisukuma, “Wabeja, mwalimu. Imetosha.”

Hakurudi tena uwanjani. Kifua kikambana upya, na Mama akawa anamsihi kila siku aende mazoezini.

“Miguu imechoka, Mama Shija,” alimjibu, na hakunisema hata mara moja mpaka tulipomzika.

Siku zote hizo nilikuwa hatua mbili kutoka kwao, nikimenya viazi vitamu vya kukata na kuanika michembe, na niliendelea kumenya.