Jasho la Sakafu

Jumanne, Novemba. Mvua tangu alfajiri. Mtaa wa Bwaise, wanasema, maji yameingia majumbani.

Mwanangu, sijui kama nafaa kukupa nasaha. Shule niliiacha mapema na kalamu yangu ni nzito. Lakini kesho unaanza kazi, na mvua hii imenirudisha hadi siku moja ya ujana wangu, huko Kisenyi.

Nilikuwa msaidizi wa Mzee Juma, Mnubi, fundi wa sakafu kuukuu. Bi Zaitun, mjane, alituita. Sebule yake ilikuwa na vigae vyekundu vya udongo, vile vinene, alivyovipanga marehemu mumewe kwa mkono wake. Ijumaa ilikuwa hitima ya kutimiza mwaka, naye alitaka isomwe juu ya sakafu hiyo, si kwingine.

Tulikwangua nta ya miaka mingi, tukasugua, tukaosha. Sasa, vigae vya udongo hunywa maji kama mtu aliyefunga. Ukivipaka dawa ya kuzuia maji kabla havijakauka, unyevu unaufungia ndani. Ndiyo maana Mzee alikuwa akibandika kipande cha kaveera, mfuko wa plastiki, sakafuni jioni. Asubuhi ukikuta jasho chini yake, unangoja.

Jumatano asubuhi alinituma nikakitazame. Jasho lilikuwepo. Si jingi, nisije nikasema uongo mara ya pili, ila lilikuwepo. Nilimwonea huruma mjane. Na, niseme haki, nilitaka pia kusifiwa. Nikalifuta kwa mkono wa shati.

"Vipi?"

"Pakavu, Mzee."

Tukapaka. Alhamisi sebule yote ilikuwa na utando mweupe, na dawa inanata kama ulimbo. Mzee alipiga magoti, akakwaruza kwa ukucha, akanitazama.

"Sakafu ilikwambia ukweli, wewe ukaifuta mdomo. Haya, kamwambie mwenyewe."

Bi Zaitun alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo kesho nitandike mikeka juu ya uongo wako?"

"Nisamehe, Mama."

"Kusamehe nitasamehe. Lakini mwaka wa kwanza wa mtu hautimii mara mbili."

Hitima ilisomwa kwa jirani. Mzee angeweza kwenda kutazama mwenyewe, kweli; lakini aliniamini, na kuamini si kosa. Baadaye niliikwangua dawa yote nikiwa nimepiga magoti, tukangoja hadi kaveera ikaamka kavu siku tatu mfululizo, tukapaka upya. Sakafu ilitoka nzuri sana. Bi Zaitun alisema hivyo, kisha akageuza uso.

Mficha maradhi, kilio humuumbua. Basi mwanangu, popote utakapotumwa kutazama, leta ulichokiona, hata kama kinamchelewesha mtu unayempenda. Huruma isikufanye mwongo. Na ukishakosea, nenda kwa miguu yako ukaseme. Mungu akupe macho ya kuona na ulimi usiotetemeka, na wanaokuamini wasijute. Amina.

Jioni tumekula matoke na mchuzi wa karanga. Mama yako ameongeza samaki mkavu.