Gari Halipiti Mpaka Litajwe

Usiku ule nililala na khanga ya kutwa nzima, hata nguvu ya kuibadilisha sikuwa nayo. Tangu tumzike Baba nilikuwa nafanya kila kitu nusu. Nilikula nusu, nilisikia nusu, nililala nusu. Watu walisema nina moyo wa jiwe kwa kuwa sikutoa chozi hata jeneza lilipovuka mlango. Waache waseme. Sikuwa na jiwe wala moyo, nilikuwa nimekufa ganzi tu.

Nikafumba macho, nikamwona Baba anachonga ua wetu kwa greda.

Hilo halikunishangaza. Baba aliendesha greda maisha yake yote, akisawazisha barabara za vumbi za Kilosa na kwingineko, na mtaani walimwita Babu Greda mpaka wakasahau jina alilopewa na wazazi wake. Kilichonishangaza ni ukimya. Lile dude kubwa linakwenda mbele, linarudi nyuma, linapita kwenye kamba ya nguo bila kuigusa, na halisikiki. Baba amekaa juu, amevaa kofia yake ya kazi na kandambili za hospitali.

Kisha ua si ua tena, ni barabara. Magari yamepanga foleni: zimamoto, winchi, boza la maji, kijiko cha kuchimbia mitaro, na nyuma kabisa gari la wagonjwa. Yote yamesimama. Mwanangu Tunu yuko ukingoni mwa barabara, kiganja mdomoni.

Foleni ile niliijua. Tunu alipoanza chekechea alirudi nyumbani na nyimbo za Kiingereza za magari ya kazi, nami nikamwekea nyingine kwenye simu. Baba akajiandikisha kuwa mwanafunzi wake. Mashine alizozizoea kwa majina ya kwetu, sasa alifundishwa majina mapya na mtu asiyejua hata kufunga kamba za viatu. Kijiko akaambiwa ni ekskaveta. "Eti nini, mwalimu?" alikuwa akiuliza makusudi, na Tunu anarudia, mikono kiunoni, amekasirika kweli. Sheria yao ilikuwa moja: gari halipiti mpaka Tunu alitaje kwa Kiingereza, Baba alipigie honi kwa mdomo, kisha Tunu apunge mkono. Lisipotajwa, linasubiri. Siku nyingine chai ilipoa kwa sababu ya boza moja.

Siku Baba alipozidiwa, gari la wagonjwa lilikuja mpaka getini kwetu. Tunu alikimbia akiwa amejaa furaha, kwani gari la kwenye wimbo limekuja lenyewe. Kabla hajafumbua mdomo, Shangazi Zena, dada yake Baba, alimfunika kwa khanga. "Nyamaza. Mgonjwa hashangiliwi." Gari likaondoka. Baba hakurudi.

Msibani mtoto akaichukua simu yangu, akaanza kuimba kidogokidogo kwenye kona ya mkeka. Shangazi akampokonya. "Hapa hapaimbwi mpaka tuanue tanga," alimwambia. Alisema kweli, ndivyo tulivyolelewa sote.

Na tanga tukalianua. Tulifagia nyumba, tukakunja mikeka, tukala pilau, wazee wakatuambia kila mtu arudi kwenye shughuli zake. Redio za majirani zikafunguliwa. Tunu hakufungua mdomo. Akawa anajibu kwa kichwa, ndiyo na hapana. Mwalimu wake aliniita. "Mama Tunu, wenzake wakiimba huyu anaziba mdomo. Nyumbani kuna nini?" Nilimsikia nusu. Nikasema ni huzuni, itapita.

Sasa Baba anashuka kwenye greda. Anatembea hadi kwenye gari la wagonjwa, anakaa mlangoni kwa nyuma, miguu inaning'inia.

"Baba, mbona bado uko hapa?"

"Nitapitaje, mama? Gari halijatajwa."

"Basi nitalitaja mimi."

Anatikisa kichwa. "Wewe siye mwalimu wangu."

Nataka kumtoa Tunu kiganja mdomoni, mkono wangu hauinuki. Barabara inaingia sebuleni, magari yako juu ya mikeka, yamekuwa madogo kama vikombe, na mimi naogopa kuyakanyaga.

"Tanga tumeshaanua, Baba," nasema.

"Mmeanua lenu," anasema. "Mtoto nani kamwambia?"

Namgeukia Baba. Zimebaki kandambili tu mlangoni.

Niliamka kumeshakucha, khanga imejisokota shingoni. Nje Shangazi Zena alikuwa anapepea mkaa. Tunu alikuwa ameketi kizingitini na kikombe cha uji, haunywi. Nikachuchumaa mbele yake.

"Tunu, tanga la Babu tumeshaanua. Msiba umekwisha. Ukitaka kuimba, imba."

Hakunitazama mimi. Alimtazama Shangazi.

Shangazi akaacha kupepea. "Kumbe siku zote hizi alikuwa ananisubiri mimi?" alisema, na upepeo ukamtoka mkononi ukaanguka kwenye majivu. "Imba, mjukuu wangu. Ruksa. Wallahi ruksa."

Tunu akaweka kikombe chini. Sauti ilitoka ikikwaruza, kama mlango wa nyumba iliyofungwa muda mrefu.

"Faya traki."

Akasubiri. Nilichelewa kuelewa anasubiri nini. Ile ilikuwa zamu ya Babu yake. Nikapiga honi kwa mdomo, mbaya kweli, mbuzi angetoa nzuri zaidi. Tunu akakunja uso, lakini akapunga mkono, zimamoto likapita. Likapita winchi. Likapita boza. Ekskaveta nayo ikapita.

Kisha akasimama, akaelekea getini, mahali palepale lilipoegeshwa gari la wagonjwa siku ile.

"Ambulensi," alisema.

Nilianza honi, ikanikatikia njiani. Nikalia pale chini, kwa sauti, kilio kile watu walichokitafuta siku ya jeneza wasikione. Shangazi akaja akanishika mabega. Tunu hakutujali. Aliinua mkono, akapunga taratibu, akiitazama barabara.

"Haya, Babu. Pita."