Masharti ya Mume wa Jirani

Mimi na maziwa tumeishi vizuri tangu utoto. Kwetu huku chini ya Meru, loshoro bila mtindi si loshoro, ni makande yaliyopondwa tu. Na ng'ombe nilikuwa naye wangu mwenyewe, mweusi, mkorofi, mtu mwingine akimkamua anapiga teke ndoo. Ila mimi ananitulia.

Basi vidole vikaanza kuvimba. Asubuhi nikiamka havikunjiki mpaka jua lipande. Jirani yangu, mama mmoja Mchaga mwenye duka, akaniangalia mikono akasema, "Dada, hiyo ni gauti. Baba watoto alikuwa nayo kwenye kidole gumba cha mguu. Aliambiwa aache nyama, na mimi nikamwachisha na maharage. Sasa si unamwona?"

"Na maziwa?"

"Acha vyote, usichague."

Nikaacha vyote. Yaani nakamua maziwa, nagawa, halafu naingia ndani kunywa chai ya rangi. Mchana ugali na mchicha, jioni ndizi za kuchemsha. Nikakonda, gauni likawa linanizunguka. Watu wananisifu, eti bibi umerudi usichana. Na mimi nacheka nao, kumbe nguvu za mikono zinakwisha. Vidole vinauma vilevile, na sasa hata kubana chuchu siwezi. Maziwa yakawa yanabaki kwenye kiwele, kiwele kikapata ugonjwa. Tukawa wagonjwa wawili, mimi vidole, yeye kiwele.

Mwanangu akaja kutoka Sakina, akamtazama ng'ombe, akanitazama mimi. "Mama, mnateseka wote wawili." Akamwita daktari wa mifugo akamtibu, alipopona akamuuza kwa mtu wa Kimandolu. Sikubisha. Ningebisha na mikono ipi?

Baadaye ndiyo akanipeleka hospitali. Daktari mwenyewe binti mdogo. "Shikamoo bibi." Wakachukua damu, akanibonyeza kila kidole, akauliza ninakula nini. Nikamwambia.

"Na maharage?"

"Yananizidishia."

"Yalikuzidishia, au uliambiwa?"

Nikamweleza habari za jirani na mume wake.

"Bibi, gauti ni ya huyo mzee. Wewe una baridi yabisi." Akanieleza kwamba askari wa mwili wangu wamegeuka, wanawapiga wenye nyumba, na dawa ndiyo ya kuwatuliza. Chakula peke yake hakiwezi. "Lakini huu ugonjwa wenyewe unakula misuli, na wewe umeusaidia. Kula mayai, maharage, dagaa. Samaki wenye mafuta wanaweza kusaidia kidogo na uvimbe. Maziwa yamewahi kukusumbua?"

"Hayajawahi."

"Sasa uliyaachia nini?"

Jirani nilipomwambia alishika kichwa. Sikumlaumu, alinipenda tu. Masharti ni ya mume wake, nikajivalisha mimi.

Basi nikameza dawa, nikala vizuri, mikono ikaanza kurudi. Siku nilipokamua nguo nzito mpaka maji yakaisha, nilimpigia mwanangu simu hapohapo. "Kamwambie yule mtu atuuzie ng'ombe wetu."

Alikwenda. Akarudi akasema, "Mama, amekataa. Anasema anatoa maziwa mengi kweli, tena ametulia."

"Hapigi teke?"

"Hapigi."

Nikamwambia vizuri, kama ametulia ni vizuri. Halafu nikaingia jikoni, nikakaa huko mpaka akaniita.