Mwenye Mtoto

Harufu ya mkonge unaooza ndiyo ninayoikumbuka kwanza. Upepo uliitoa mashambani ukaiingiza wodini, pale hospitalini Korogwe, ikachanganyika na dawa ya kupigia deki na uji uliomwagika chini ya vitanda. Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tumetoka Handeni, mimi na mama, baada ya kisiki cha mbaazi kunichoma unyayo na mguu kuvimba hadi ngozi ikang'aa. Mpaka leo lori la mkonge likinipita naziba pua, na wasionijua hudhani najidai.

Daktari alisema usaha umeingia ndani, lazima mguu upasuliwe siku ile ile. Nesi mmoja mwenye kalamu iliyochomekwa kwenye nywele akaja na karatasi ya kuweka sahihi. "Mwenye mtoto nani?" akauliza. Mama alikuwa amesimama pale pale, kanga yake imelowa jasho langu. Akajibu kwa adabu, "Mwenye mtoto hayupo. Yupo Kerenge, tumeshamwagizia." Alimaanisha mjomba, kaka yake mkubwa. Kwetu Wazigua, hasa kwa kuwa baba alikuwa amekwisha kufariki, mtoto ni wa mjomba. Mama anazaa na kulea, lakini neno la mwisho si lake. Nesi hakuwa mtu wa kwetu. Alielewa kwamba huyu ni jirani tu aliyenisindikiza, akaikunja karatasi akaenda zake.

Jioni nilimsikia akimwambia mwenzake, "Huyu wa kitanda cha dirishani mama yake bado hajafika." Mama alikuwa nje bombani, anafua shuka langu. Nilitaka kusema, "Mama si huyo hapo anayefua!" Lakini nilikuwa nimefundishwa kutodakia maneno ya wakubwa, nikanyamaza. Nilikuwa nimemwita mama mara ngapi mbele ya yule nesi! Haikusaidia kitu, maana hata nesi mwenyewe nilimwita mama. Nina hasira nao wote mpaka leo, ila ule ukimya wangu ndio unaonikera zaidi, kwa sababu mimi peke yangu nilizijua pande zote mbili na hakuna aliyefikiri kuniuliza.

Mjomba alifika siku ya tatu, vumbi limemjaa hadi kwenye nyusi. Alikuwa msibani na ujumbe ulichelewa kumfikia. Nesi akamwuliza mama wa mtoto yuko wapi, naye akamwonyesha kwa kidole, akishangaa: "Si huyu hapa?" Sijawahi tena kuona watu wazima watatu wakitazamana vile. Kisha wakasogea kando na daktari, wakazungumza wakinipa mgongo, na mjomba akabandika dole gumba lake kwenye karatasi. "Wanakwenda kukusafisha kidonda, mwanangu," mama akaniambia, bila kunitazama. Nilipozinduka, mguu wa kushoto uliishia chini ya goti. Hakuna aliyeniomba radhi. Waliniletea soda.

Mwaka huu nimerudi Korogwe na binti yangu, naye ana miaka tisa, wamtoe mafindofindo. Wodi ina vigae siku hizi na nesi anaandika kwenye kompyuta. Ni kijana mpole, kanipa shikamoo kabla sijaketi. Lakini swali lake ni lile lile: "Mwenye mtoto nani?"

"Mimi!" nilisema, kwa sauti iliyowafanya watu wote kwenye benchi wageuke. Nikaweka sahihi kubwa, iliyovuka mstari, nikajiona nimemshinda nesi yule wa zamani, na mjomba, na hata mama, Mungu amrehemu. Binti yangu akanivuta gauni.

"Mama, kwani wanataka kunifanya nini?"

Kalamu nilikuwa nimekwisha kuirudisha.