Maana ya Jina Holder

Mwezi wa sita, maua meupe ya mti mdogo wa sureau yanapochanua kandokando ya msitu kule Auderghem, harufu yake tamu yenye ukakasi kidogo hunirudisha kwenye duka la Papa, barabara ya Chaussée de Wavre, kwenye mvuke wa pasi na vumbi la vitenge.

Papa alikuwa fundi cherehani, mzaliwa wa Bujumbura aliyehamia ughaibuni. Babu yake alikuwa Mjerumani, na jina la babu huyo, Holder, Papa alikuwa amelichora kwa rangi ya dhahabu juu ya mlango. "Holder maana yake mshika bendera ya mfalme," alituambia. Basi mimi na dada yangu tuliingia shuleni, mtaa wa Schaerbeek, shingo juu kama watu wanaosubiriwa na gwaride.

Siku moja mama mmoja wa Kijerumani alileta sketi ya kufupishwa. Alipolisoma jina alicheka kwa furaha.

"Bwana Holder! Kijijini kwetu holder ni sureau, kile kichaka kinachoota nyuma ya choo!"

Hakuwa na nia mbaya. Alifurahi tu kukutana na neno la kwao. Papa naye akacheka. "Ah bon? Kumbe!" Lakini Jumapili ile alipanda ngazi akalifuta jina, akaandika Couture Moderne, yaani Mishono ya Kisasa.

"Papa, na bendera?" nilimuuliza kutoka chini.

"Acha, mwanangu. Shika ngazi vizuri."

Hakulitaja tena.

Nilipoanza kujifunza Kijerumani, Papa alikuwa ameshafariki. Mwalimu alinieleza kwamba zamani watu wengi waliitwa kwa jina la mti uliosimama karibu na nyumba yao, na kwamba sureau waliupanda kwa makusudi: waliamini unailinda nyumba, na maua yake waliyachemsha kutuliza homa. Wengine walivua kofia walipopita mbele yake. Nilikwenda moja kwa moja kumwambia Mama.

"Ile bendera papa yenu aliitunga mwenyewe," Mama akasema. "Babu yake aliondoka, baba wa papa yenu angali tumboni. Hakuacha picha, hakuacha neno. Jina tu."

Utotoni nilidhani Papa aliona haya kwa sababu ya choo. Kumbe kwa neno lile moja alikuwa amejitungia babu, akaishi naye miaka yote, mpaka kicheko cha mteja kikamnyang'anya. Ningeweza kumpa babu mwingine, mwenye nyumba na mti mlangoni. Nilichelewa.